Alama ya Mkono wa Joan

Pazia la dirisha la nyuma halikuwahi kufunguliwa tangu Phelista aanze kufika katika nyumba ile ya Kanduyi, Bungoma. Siku zote alikikuta chumba cha kulia kikiwa kwenye giza la utusitusi, taa ikiwaka mchana kweupe, na kwa kuwa nyumba haikuwa yake hakuuliza. Lakini Ijumaa hiyo umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi, na hakuna fundi anayeweza kufunga kabati la ukutani kwa kupapasa. Akalishika pazia kwa mikono miwili, akalivuta.

Nje kulikuwa na migomba, mahindi yaliyoanza kukauka, na kaburi.

Mwanzo alidhani ni tangi la maji. Kisha akaona vigae vyeupe na msalaba, na juu ya msalaba jina lililoandikwa kwa rangi nyeusi iliyoanza kupauka. Joan. Chini ya jina kulikuwa na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na huo wa kufa ulikuwa wa zamani kiasi kwamba nyasi zilikuwa zimeota na kufyekwa mara nyingi kuzunguka vile vigae.

Phelista alisimama pale na pazia mkononi.

Joan alikuwa mke wa Wekoye, mwenye nyumba. Ndiye aliyesababisha kazi yote. "Joan anataka rafu tatu," Wekoye alikuwa amemwambia siku ya kwanza alipomfuata karakanani kwao Kitale, pale karibu na njia ya Kipsongo. "Joan hapendi milango ya vioo, inaonyesha vumbi." Kila aliposafiri kuja kupima alimkuta mume peke yake. Alipouliza mama yuko wapi, jibu lilikuwa lile lile, kwamba ametoka kidogo. Phelista alikuwa amemjenga mwanamke huyo akilini mwake: mwanamke mwenye maringo, asiyependa vumbi, ambaye hata kuja kumsalimu fundi anayemtengenezea makabati anaona ni kazi.

Na alikuwa amemwonea wivu. Hilo ndilo lililomtesa. Wekoye alikuwa afisa wa kilimo, mtu mpole, mwenye macho mazito ya mtu asiyelala vizuri, na Phelista alimpenda kabla hajajua kwamba anapenda. Alimpenda akijua ana mke. Baba yake, Mzee Wanyonyi, aliyemfundisha kazi hiyo kabla mikono yake haijaanza kutetemeka, aliliona jambo hilo mapema kuliko yeye mwenyewe.

"Hiyo kazi ya Bungoma naona unaifanya ukiimba," mzee alimwambia siku moja, ameketi mlangoni pa karakana. "Sikiza, binti yangu. Yule ana bibi. Sikukupatia randa ndiyo uende uvunje nyumba ya mtu."

Phelista aliapa kanisani kwao kwamba akishafunga kabati hilo hatakanyaga tena Kanduyi. Sasa leo ndiyo siku ya kulifunga. Zahid, dereva wa pikapu, alikuwa amemshusha na mbao zake akaenda mjini kuswali Ijumaa. Na bibi mwenyewe ndiye huyo, nje, chini ya vigae.

"Fundi, nimeleta chai."

Wekoye aliingia na sinia. Hakuwahi kumwita kwa jina. Siku zote alikuwa fundi, asubuhi fundi, jioni fundi. Juu ya sinia kulikuwa na vikombe vitatu, kama kawaida. Phelista alikuwa akidhani kile cha tatu ni cha mke atakayerudi wakati wowote. Alikitazama leo, kisha akatazama dirishani.

"Nani amefungua hiyo pazia?" Wekoye aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mimi. Sikuwa naona kitu."

Akaweka sinia mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Kumbe amekufa," Phelista akasema.

"Si nilidhani unajua. Watu wote wanajua."

"Watu wa Kanduyi, pengine. Mimi natoka Kitale, bana. Ningeambiwa na nani?" Sauti ilimpanda bila yeye kutaka. "Ulisema Joan anataka hivi, Joan hapendi vile. Juzi tu nimekuuliza mama yuko wapi, ukasema ametoka."

"Si ametoka."

"Ametoka kidogo?"

Wekoye alikwenda dirishani, akasimama akilitazama kaburi, mgongo wake mpana ukiziba nusu ya mwanga.

Tuseme ukweli, kwa maana mapenzi hayana adabu: kitu cha kwanza kilichomwingia Phelista moyoni kilikuwa furaha. Iliruka ndani yake kabla hajaizuia. Hana mke! Halafu jicho likaangukia ule msalaba, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Kisha, alipomwona Wekoye amesimama vile, akaelewa jambo baya zaidi. Mwanamume huyu alikuwa ameoa kuliko wanaume wote wenye wake walio hai. Mke aliye hai hugombana na mumewe, humchosha, humpa sababu ya kutoka nje ya geti. Huyu hakumpa Wekoye sababu hata moja.

"Siku ya harusi tulipewa vyombo vingi," Wekoye alisema bila kugeuka. "Sahani, mabakuli, vikombe vya maua. Hatukuwa na mahali pa kuweka, vikabaki kwa katoni. Kila mara ananiuliza, Wekoye, vyombo vyangu vitakaa kwa katoni mpaka lini? Namwambia ngoja tuvune. Tukivuna namwambia ngoja Krismasi. Halafu akaugua, na haikuchukua muda. Siku ya matanga watu walikula kwa sahani za kukodisha, fundi. Zake zilikuwa hapo stoo, ndani ya karatasi, hazijawahi kulambwa na mtu."

Phelista akachukua bisibisi.

"Basi tulifunge," akasema. "Nishikie huu ubao."

Wakafanya kazi. Yeye alitoboa ukuta kwa keke ya mkono, vumbi la saruji likimwangukia kwenye kitambaa cha kichwa, na Wekoye akazishikilia mbao za mvule kwa bega. Kabati lile halikuwa na mgongo. Ukuta wenyewe ndio uliokuwa mgongo wake, na mbao zilichongwa zikae humo kana kwamba zilizaliwa na nyumba. Mara mbili mikono yao iligusana juu ya ubao mmoja, na mara zote mbili Wekoye alikuwa wa kwanza kuutoa wake. Lakini Phelista aliona namna alivyoutoa. Haukuwa mkono wa mtu aliyechukizwa. Ulikuwa mkono wa mtu aliyeshikwa akiiba.

Ilipofika zamu ya rafu ya juu, akapanda stuli, akaisukuma kwenye mifereji yake. Ikaingia vizuri, bila kulalamika. Akashuka kuitazama.

Juu ya rafu, kwenye plasta ya ukuta, kulikuwa na mstari mfupi wa penseli. Ndio aliouonyeshwa siku ya kwanza alipokuja kupima. Joan alisimama hapa, Wekoye alimwambia siku ile, akainua mkono, nikachora alipofika. Rafu ya juu ije hapa, ili asihangaike. Na sasa rafu ilikuwa chini ya mstari huo kwa upana wa kiganja kizima.

"Fundi," Wekoye akasema. "Hii haijafika kwa alama."

"Naona."

"Si ulipima?"

Alipima. Alipima kama alivyofundishwa na baba yake, kwa ufito mmoja mrefu wa kuchorea vimo vyote, maana Mzee Wanyonyi alishikilia kwamba kabati la jikoni ama la kulia hupimwa kwa mkono wa mwenye nyumba. Mama wa nyumba husimama, huinua mkono, na rafu huwekwa hapo vidole vinapofika. Mama akiwa hayupo, fundi huinua wake, apate pa kuanzia. Phelista aliinua wake siku ile kwa mazoea tu, akauchora kwenye ufito chini ya alama ya Joan. Ufito ukarudi Kitale na alama mbili. Na alipokaa karakanani na msumeno, akichonga ile mifereji huku akiimba, alifuata ile ya chini wala hakushtuka.

"Nimefuata alama isiyo yake," akasema.

"Ya nani basi?"

Angeweza kudanganya.

"Yangu."

Wekoye aliutazama mkono wa Phelista, kisha rafu, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukafungika kama mlango.

"Umejipima kwa nyumba yangu?"

"Sikukusudia."

"Mtu anakosea inchi. Anakosea skrubu. Mtu hawezi kukosea akajiweka mahali pa mwenye nyumba! Hii kitu nimeingoja miaka, nimeiona kwa ndoto, unajua? Namuona ameinua mkono anapanga vyombo. Sasa atafika wapi?"

"Wekoye, hatafika mahali," Phelista akasema, machozi yakimlenga. "Yuko nje."

Hapo ndipo alipokosea zaidi. Wekoye alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika kwenye sinia.

"Itoe! Itoe yote urudi nayo Kitale. Utengeneze ingine ama uache, lakini hiyo sitaki kuiona."

Kabla hajapata jibu, sauti ya mwanamke ilipiga hodi kwenye kibaraza. Wekoye aliisikia, akabadilika rangi. Aligeuka akatoka mbio kwa mlango wa jikoni, akaufunga nyuma yake, kama mtoto aliyevunja chungu.

Ilikuwa Mama Nakhumicha wa Kimilili, mama mzazi wa Joan. Kwa Wabukusu wa heshima, mama mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mkono wala hawaangaliani usoni. Mama Nakhumicha alingoja mlangoni mpaka akasikia mlango wa jikoni umefungwa. Ndipo akaingia, mwanamke mfupi, mnene kidogo, leso kifuani na mwavuli mkononi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Unanikaribisha kwa nyumba ya mtoto yangu?"

Phelista akainamisha kichwa. Mama Nakhumicha alikizunguka chumba kwa macho, akaona pazia limefunguliwa, akaona vikombe vitatu. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mkwe, uko?"

"Niko, mama. Mulembe." Sauti ya Wekoye ilitoka nyuma ya mlango, ndogo, ya heshima, ikimsalimu kwa Kibukusu.

"Mulembe. Habari imefika mpaka Kimilili. Ati kuna msichana wa Kitale anaingia hapa anatoka, ati ni kabati anajenga. Nikasema wacha niende nione hiyo kabati haiishi. Umeleta mwanamke kwa nyumba?"

"Hapana, mama. Huyo ni fundi tu."

Fundi tu. Phelista aliyasikia maneno hayo yakipita kwenye mlango wa mbao, yakamchoma mahali ambapo hata baba yake hakuwahi kupafikia. Akaanza kufungua skrubu ya kwanza ili vidole vipate kazi.

"Kelele nimesikia kutoka kwa geti," Mama Nakhumicha akamwambia, sasa kwa sauti ya kawaida. "Mnagombania nini?"

"Nimekosea kipimo, mama. Rafu ya juu ilitakiwa kufika kwa alama ya Joan. Nimeiweka chini. Ndiyo naitoa."

"Alama gani ya Joan?"

"Hiyo hapo. Mkono wake ulipofika."

Mama Nakhumicha alisogea. Akaweka mwavuli kwenye kiti, akavua viatu, akasimama mbele ya kabati kwenye sakafu tupu. Aliutazama ule mstari wa penseli kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wake wa kulia kadiri alivyoweza.

Vidole vyake viligota kwenye uso wa chini wa rafu ya Phelista. Havikuipita. Akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akishikilia ubao kwa mkono wa kushoto, na bado alama ya penseli ilikuwa juu yake, mbali, haimjali.

Alishusha mkono. Uso wake ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Mimi na Joan tulikuwa kimo kimoja," alinong'ona, akitupa jicho kwenye mlango wa jikoni. "Gauni yake ya harusi ni mimi nilivalishwa kwa fundi cherehani, yeye akiwa kazini mbali. Akakuja akaivaa vile ilivyo. Haikukatwa, haikuongezwa. Mtoto yangu hangefika hapa. Hata asimame kwa vidole vya miguu."

"Lakini alisema alimchora."

"Nani amesema?"

Wote wawili walitazama mlango.

Mama Nakhumicha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akafunika mdomo kwa ncha ya leso. "Amemsahau," akasema. "Ooh, Mungu wangu. Mimi nilikuja hapa nagombana ati anataka kumsahau, kumbe ameshamsahau zamani. Amemrefusha. Tangu tumzike anamrefusha kila siku, mpaka amekuwa mwanamke mwingine hata mimi mama yake simjui."

Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, ili mkwe asisikie. Phelista alipiga magoti kando yake. Hakuthubutu kumgusa, kisha akathubutu.

"Mwambie," mama akasema alipopata pumzi. "Mwambie wewe. Mimi siwezi. Ni mkwe wangu, kuna mambo sina mdomo ya kumwambia."

"Mama, nikimwambia atanichukia. Hataniona tena."

"Unampenda?"

Swali lilikuja ghafla, na jicho la mama lilikuwa kavu sasa.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Fundi halii kwa sababu ya rafu." Mama Nakhumicha akafuta uso. "Basi usipomwambia, hiyo kabati utamjengea nani?"

Phelista aliinuka. Kama angenyamaza, angeondoka na mbao zake, angechonga nyingine, angekuja tena Kanduyi, angemwona tena, hata kama ni kwa jina la fundi tu. Akisema, pengine hii ndiyo mara ya mwisho. Akapiga moyo konde, akasukuma mlango wa jikoni.

Wekoye alisimama kwenye sinki, mgongo kwake.

"Umetoa?"

"Nitatoa ukitaka. Lakini kwanza nisikize." Akaufunga mlango nyuma yake. "Mama ameinua mkono pale kwa kabati. Hakufika kwa alama. Hata karibu hakufika. Na anasema yeye na Joan walikuwa kimo kimoja."

Mgongo ule ulikauka.

"Unasema nini?"

"Nasema ile alama si ya Joan."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Kwa hivyo umepata sababu. Umekosea kazi, sasa unataka aliyekufa ndiye amekosea. Sema tu unataka nafasi yake!"

"Nimeitaka," Phelista akasema, na sauti haikutetemeka. "Sitakudanganya. Nimeitaka nikidhani bibi yako yuko hai, nikamwomba Mungu aniondolee hiyo kitu, hakuondoa. Aibu hiyo ni yangu na nitaenda nayo Kitale. Lakini hii ya alama si mimi. Mama yake yuko hapo analia kimya usimsikie. Mfungulie mlango umuulize, kama unaweza."

Hakuweza, na wote wawili walijua. Wekoye aliegemea sinki. Maneno yalimtoka vipande vipande.

"Niliichora mwenyewe. Alikuwa ameshakufa." Akapangusa uso kwa kiganja. "Siku moja niliamka nikitaka kukumbuka alikuwa ananifika wapi. Hapa kwa bega? Ama hapa kwa kidevu? Nikashindwa. Mtu nimelala naye, nimekula naye, nimemzika! Nikaogopa, fundi. Nikasimama kwa ukuta nikainua mkono wangu, nikaushusha kidogo, nikachora. Nikasema ni hapa. Lazima ni hapa. Nikajiambia kabati ikijengwa kwa hiyo kipimo, basi atakuwa hajaenda."

Akalia, sasa kwa sauti, mtu mzima mwenye mabega mapana, na nyuma ya ukuta mama mkwe wake alimsikia na hakuweza kwenda kwake. Phelista alitamani kumkumbatia mpaka mikono ikamuuma. Alisimama tu. Kilio kile hakikuwa chake kukiingilia.

"Mkwe." Sauti ya Mama Nakhumicha ilipita mlangoni.

"Mama."

"Hizo katoni za vyombo ziko stoo?"

"Ziko."

"Naenda nazo Kimilili leo. Watu watakunywa chai nazo, na mimi nitaziosha. Kabati nimeiona, ni nzuri sana, lakini si yake. Mwachilie mtoto yangu apumzike, baba. Na wewe pia ulale."

Wekoye akatikisa kichwa kukubali, mbele ya mlango usioona.

Zahid aliporudi kutoka msikitini akapewa kazi ya kubeba katoni, naye Phelista akabeba upande mwingine. Vyombo viligongana ndani ya karatasi, sauti nyembamba, kama mtu anayecheka chumba cha pili. Walivifunika kwa turubai. Mama Nakhumicha akapanda mbele kando ya dereva, akaupakata mwavuli wake. Kimilili ilikuwa kwenye njia yao ya kurudi Kitale, kwa hiyo Phelista naye alikuwa anatia mguu kupanda, moyo wake ukiwa umeshakubali kushindwa.

"Wewe unaenda wapi?" mama akamuuliza.

"Nyumbani, mama."

"Nimeona mlango mmoja wa kabati uko chini kwa sakafu. Fundi gani anaacha mlango kwa sakafu?" Akatazama mbele, mbali na nyumba. "Nenda umalize. Sisi tutangoja."

Phelista alirudi ndani. Wekoye alikuwa chumba cha kulia, amepanda stuli mbele ya kabati, kipande cha msasa mkononi, ameukaribia ule mstari wa penseli. Phelista aliuwahi mkono wake. Safari hii Wekoye hakuutoa.

"Iache," akamwambia.

"Ya nini? Ni uongo."

"Si uongo. Ulikuwa unamtafuta. Mimi siogopi alama, Wekoye. Ikae hapo ndani."

Akashuka. Walisimama karibu sana, harufu ya mvule na vumbi la saruji kati yao. Wekoye akaokota penseli ya Phelista iliyokuwa mezani.

"Basi inua mkono, fundi," akasema, sauti ikikwaruza. "Nikuchore na wewe, hapo chini ya rafu. Nisije nikasahau tena."

Lo, jinsi alivyotaka! Mkono ulikuwa umeshaanza kupanda wenyewe, kama ulivyopanda ile siku ya kwanza. Aliuona ukipanda. Akaona na dirisha, na vigae vyeupe nje, na mwanamke aliyegeuzwa mstari ukutani mpaka mumewe akampoteza. Akaushusha.

"Hapana," akasema. "Mimi usinichore. Niko hai. Ukitaka kujua nafika wapi, niangalie."

Wekoye aliweka penseli chini. Na akamwangalia. Hakuangalia mikono yake wala kazi yake. Aliangalia uso, kitambaa chenye vumbi, mashavu yaliyokauka machozi, macho. Aliangalia kama mtu anayejifunza njia ya kurudi mahali. Ilichukua muda, na Phelista alivumilia kuangaliwa.

Kisha wakaunyanyua mlango wa mwisho, yeye akikaza bawaba, Wekoye akishika. Ukafungika bila kelele. Alama ikabaki ndani, gizani, juu ya rafu tupu.

Nje, Zahid akapiga honi mara moja, kwa adabu. Phelista akakusanya vifaa. Wekoye akachukua kile kikombe cha tatu, kilichokuwa kimepoa, akaimwaga chai yake kwenye sinki la jikoni, akarudi. Phelista akaenda dirishani, akalishika pazia kwa mikono miwili alirudishe alivyolikuta.

"Wacha tu," Wekoye akasema nyuma yake. "Wacha ikae wazi, Phelista."